Pensheni ni Mshahara Uliowekwa, si Sadaka

Katika nyanda za juu za Ufipa kuna kilimo ambacho ndugu zetu wa Unguja na Pemba huenda hawajapata kukiona. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hukusanya nyasi za shamba lake na kuzifukia ndani ya matuta ya mviringo, kisha huziacha zioze chini ya udongo. Msimu unaofuata huyasambaza matuta hayo na kupanda mbegu zake juu ya mbolea aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Jasho la mwaka huu ndilo chakula cha mwaka ujao. Hakuna jirani mwenye akili timamu awezaye kulihamishia tuta hilo shambani mwake, kisha akamwambia mwenyewe ashukuru kwa kuachiwa nusu.

Pensheni ya mfanyakazi ni tuta la namna hiyo. Mwalimu anayemaliza utumishi wake na kutua Malangali, katika Manispaa ya Sumbawanga, hakuomba apewe kitu. Kila mwezi alikatwa sehemu ya mshahara wake, na mwajiri wake aliwajibika kuongeza fungu lake. Kwa utaratibu wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, mtumishi huchangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Fungu hilo la mwajiri nalo si zawadi. Ni sehemu ya ujira wa kazi ambayo mwalimu ameifanya leo, ila malipo yake yamewekwa hadi uzeeni.

Tunalisema jambo hili waziwazi kwa sababu, hapa kwetu na ng'ambo, imezuka tabia ya kuitazama akiba ya wazee kama ghala la dharura. Shirika likipata hasara, jicho la kwanza hutua kwenye pensheni. Mfuko ukipungukiwa, mkono wa kwanza hupunguza kiinua mgongo. Tabia hiyo haichagui kazi. Imewakuta marubani wa ndege, watu wanaodhaniwa kuwa wako juu ya shida zote, kama ilivyowakuta walimu na wauguzi wa mikoani.

Tutazame majirani zetu wa Kenya. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozifunga anga za dunia, Shirika la Ndege la Kenya lilisimamisha mchango wake katika mfuko wa akiba ya uzeeni wa marubani. Ndege zilirudi angani, lakini mchango haukurudi. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani waligoma, wakidai mchango huo urejeshwe na mishahara iliyocheleweshwa ilipwe. Maelfu ya abiria walikwama. Siku chache baadaye mahakama iliamuru marubani warudi kazini, nao wakarudi.

Katika nchi hiyohiyo, tarehe 1 Januari 2021, Serikali ya Kenya ilianza mpango mpya wa pensheni kwa watumishi wake, ambao hapo awali walilipwa na Hazina bila wao kuchangia. Mtumishi alianza kwa kukatwa asilimia 2 ya mshahara, kiwango kikapangwa kupanda hadi asilimia 7.5 katika mwaka wa tatu, na Serikali ikaahidi kuweka asilimia 15. Basi katika majira yaleyale mwajiri mmoja alikuwa akifungua mkoba wa akiba na mwingine akiufunga. Rubani na karani wa wizara walikuwa raia wa nchi moja, lakini uzee wa kila mmoja wao ulitegemea hali ya mwajiri wake.

Marekani, nchi inayojisifu kwa utajiri, ilitoa somo kali zaidi. Mwaka 2005 shirika la United Airlines, likiwa chini ya ulinzi wa sheria ya kufilisika, liliruhusiwa na mahakama kujivua mipango yake ya pensheni na kuikabidhi kwa shirika la serikali linalodhamini pensheni. Dhamana hiyo ilikuwa na ukomo. Mwaka huo, aliyestaafu akiwa na miaka 65 hakuweza kudhaminiwa zaidi ya dola 45,600 hivi kwa mwaka. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 alipata kikomo cha dola 29,600 hivi. Lakini sheria ya nchi hiyo wakati huo ilimlazimisha rubani wa abiria kuacha kazi akiwa na miaka 60. Sheria moja ilimtoa kazini, na nyingine ikamkata kwa sababu ametoka mapema. Hivyo ndivyo inavyokuwa kanuni zinapotungwa bila kumtazama binadamu zitakayemwangukia.

Turudi nyumbani. Sheria ya mwaka 2018 iliiunganisha mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ukawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Kabla ya hapo palikuwa na tofauti kubwa. Mtumishi wa Serikali aliyekuwa PSPF alipokea nusu ya pensheni yake kwa mkupuo, ilhali mfanyakazi wa shirika la umma aliyekuwa PPF alipokea asilimia 25. Kanuni mpya za mwaka huo zilitaka wote washuke hadi 25. Kilio kikawa kikubwa, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alizisimamisha. Kuanzia Julai 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya Juni 2024 Serikali ikatangaza kupandisha kiwango hicho hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Tunaipongeza Serikali kwa kusikia. Lakini pongezi zisituzuie kupiga hesabu.

Tumchukue mtumishi wa mfano, mwenye mshahara wa shilingi milioni moja kwa mwezi, aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, na ambaye mshahara wake haukubadilika katika miaka ya mwisho. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, pensheni yake ya mwaka ilikuwa shilingi milioni 8. Nusu yake, ikizidishwa kwa 15.5, ilimpatia mkupuo wa shilingi milioni 62, na pensheni ya mwezi ya shilingi 333,333. Kwa kanuni mpya, miezi hugawanywa kwa 580 badala ya 540, na kizidisho ni 12.5. Mtumishi huyohuyo, kwa asilimia 40, hupata mkupuo wa shilingi milioni 37.2 na pensheni ya mwezi ya shilingi 372,414.

Wenye kuitetea kanuni hii husema kwamba kilichopungua katika mkupuo kimerudi katika malipo ya kila mwezi. Ni kweli kwamba kuna kilichorudi. Ni shilingi 39,081 kwa mwezi. Lakini kilichopungua ni shilingi milioni 24.8. Ili mzee wetu aipate fedha hiyo kwa nyongeza ya kila mwezi, bila hata kuhesabu kupanda kwa bei, itambidi aishi zaidi ya miaka 52 baada ya kustaafu. Aliyestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 atakuwa amepita miaka 112. Tunawatakia wastaafu wetu maisha marefu, lakini Serikali haiwezi kuijenga haki yao juu ya muujiza.

Hatusemi kwamba kanuni ya zamani ilikuwa haina dosari. Mfuko ukifilisika hakuna atakayelipwa, na anayewaahidi wazee fedha isiyokuwapo anawadanganya. Vilevile haikuwa haki mtumishi wa wizara apate nusu na wa shirika la umma apate robo, ilhali wote wametumikia taifa moja. Kusawazisha ni jambo jema. Swali letu ni hili: nani aliutoboa mtumbwi, na nani anaambiwa aruke majini?

Mwalimu wa Malangali hakuutoboa. Makato yake yalitoka kabla hajaushika mshahara. Sehemu kubwa ya upungufu ilitokana na watumishi walioanza kazi kabla ya Julai 1999, ambao utumishi wao wa awali haukuwa na michango, lakini mfuko ukatakiwa kuwalipa kwa miaka yao yote. Deni hilo lilikuwa la Serikali, na Serikali yenyewe ililikiri ilipotoa, Desemba 2021, hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kwa ajili ya mfuko huo. Hatua hiyo ilikuwa ya kiungwana. Lakini mdaiwa aliyechelewa kulipa hana uso wa kumwambia mdai wake apunguze matumaini.

Tusisahau pia kwamba nchi hii ina kumbukumbu chungu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ilivunjika pamoja na reli, bandari, posta na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Mwaka 1984 nchi tatu zilitia saini mjini Arusha mapatano ya kugawana mali na madeni, na kila nchi ikabeba wajibu wa kuwalipa raia wake. Hata hivyo, wafanyakazi wa Tanzania wa iliyokuwa Jumuiya hiyo walilazimika kwenda mahakamani, na makubaliano ya malipo yakafikiwa Septemba 2005. Ilikuwa miaka 28. Katika foleni ile walisimama mafundi wa ndege na wapiga mihuri wa posta bila tofauti, na wengine walizikwa wakisubiri. Nani kati yetu anataka kuiona foleni ile tena?

Hapa ndipo tofauti ya rubani na mwalimu inapojitokeza. Rubani akiweka chini kofia yake, kiwanja cha ndege kinanyamaza na mawaziri wanaamka usiku. Mstaafu wa Ufipa akinyamaza, hakuna kinachosimama. Hana chaki ya kuweka chini, maana alikwisha kuikabidhi. Ikiwa rubani mwenye nguvu zote zile alirudi kazini kwa amri, mstaafu atategemea nini isipokuwa sheria na dhamiri ya viongozi? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa wahusika.

Kwanza, sheria itamke kwamba kanuni mpya haigusi miezi iliyokwisha kufanyiwa kazi. Mtumishi aliyefanya kazi miaka 25 chini ya kanuni ya zamani na mitano chini ya mpya, akokotolewe kila kipindi kwa kanuni yake. Gharama ya mpango huo ibebwe na aliyelikiri deni. Hakuna mkulima anayekubali bei ya mahindi aliyokwisha kuyauza ibadilishwe baada ya lori kuondoka.

Pili, kila mwanachama apewe kila mwaka taarifa ya michango yake, miezi iliyohesabiwa, na kiasi ambacho angelipwa kama angestaafu siku hiyo. Mwajiri asiyewasilisha michango ashitakiwe wakati mtumishi angali kazini. Si haki mwalimu aambiwe siku ya kuaga kwamba miezi yake kadhaa haionekani, kisha asafiri kutoka ofisi hadi ofisi kwa nauli ya mfukoni mwake.

Tatu, hesabu za mifuko ziwekwe mezani mbele ya wafanyakazi na wastaafu kabla ya kanuni kutungwa, kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Kuna watakaouliza kwa nini tunamlilia mwenye pensheni, ilhali mkulima wa Ufipa na mvuvi wa Kojani hawana hata hiyo. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limekwisha kuanza Visiwani. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alipata kuajiriwa au hakupata, na baadaye kiwango hicho kiliongezwa. Fedha hiyo ni ndogo, lakini inakiri kwamba mzee ana dai juu ya jamii aliyoijenga. Ndugu zetu wa Visiwani wametuonyesha Bara namna ya kumwinua asiye na kitu. Tusiwajibu kwa kumshusha mwenye kidogo.

Viongozi wanaosoma safu hii leo nao watastaafu. Siku watakapozikabidhi funguo za ofisi, watataka kulikuta tuta lao pale walipoliacha, likiwa na mbolea yake yote. Basi walilinde la mwalimu kama watakavyotaka lao lilindwe.