Mnada wa korosho nao ni insha

KUSINI KWETU
Na Somoe Mchopa

Tangu nianze kufundisha uandishi hapa Nachingwea muhula huu, nimesahihisha insha nyingi mno zinazoanza na jua kuchomoza na ndege kulia. Mtoto wa Ruangwa, aliyekulia chini ya mikorosho, anaandika juu ya safari ya Serengeti ambayo hajaiona hata kwenye kalenda. Sarufi yake haina dosari, methali zimepangwa mstari, ila humo ndani hakuna mtu hata mmoja anayetoka jasho.

Lawama si ya mtoto. Mada tunawapa sisi.

Nilipowaambia waandike mnada wa korosho, darasa lilichangamka. Kumbe wanajua yote: magunia yanavyopimwa kwenye chama cha msingi, bei za wanunuzi zinavyosomwa mbele ya wakulima kwenye minada ya chama kikuu cha ushirika, RUNALI, wazee wanavyogoma kuuza bei ikiwa ndogo, baba anavyosubiri fedha iingie benki huku akidaiwa michango. Binti mmoja aliandika harufu ya salfa ya kupulizia mikorosho isiyotoka kwenye shati la babu yake. Mwenzake akaniuliza kwa sauti ya chini kama uraka, ile pombe ya mabibo, unaruhusiwa kwenye insha. Nikamjibu aandike, mkaguzi akija nitajieleza mwenyewe.

Kuandika ya nyumbani si jambo geni: mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, na alipoandika Rosa Mistika, iliyotoka 1971, hakwenda mbali kutafuta pa kuanzia: Rosa ni binti wa Namagondo. Leo msomaji wa Lindi ambaye hajawahi kukanyaga kisiwa hicho anamjua baba yake Rosa kama jirani. Mbaraka Mwinshehe naye, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, aliimba mapenzi, shida na ugomvi wa watu wa kawaida, na gitaa lake bado linalia kwenye vibanda vya kinyozi hapa mjini. Vijana wangu wanapenda singeli zaidi. Sawa tu, maana singeli nayo imejaa majina ya mitaa na visa vya uswahilini, hao hao watu ninaowatafuta kwenye madaftari.

Na Nachingwea si mji usio na habari. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walifyeka pori hapa ili walime karanga. Kufikia 1951 mradi umekufa, mamilioni ya pauni yamepotea, na reli waliyoijenga kutoka Mtwara haikudumu, ikaja kung'olewa. Kisha wakaja wapigania uhuru wa Msumbiji. Samora Machel aliwafunza vijana wa FRELIMO hapa hapa, kwenye kambi ya Farm 17, na katika harakati zile nyimbo na mashairi vilikwenda pamoja na bunduki. Mwaka 1971 FRELIMO ilichapisha mashairi ya wapiganaji wake katika kitabu, Poesia de Combate. Watu waliolala kwenye mahandaki walipata muda wa kutunga, na sisi wenye madawati tunanakili mapambazuko ya kwenye vitabu vya mazoezi!

Vitabu vya hadithi ni vichache, hilo halina ubishi. Lakini uchache huo hauzuii macho kuona. Timu ya Namungo ikishacheza Uwanja wa Majaliwa, Jumatatu yake wavulana wa Ruangwa wanasimulia goli kwa vitenzi vitupu, hakuna kivumishi kinachozurura. Wakishika kalamu tu, utamu wote unakauka.

Basi walimu wenzangu wa Kiswahili, wa Nachingwea na wa Ruangwa, muhula ujao toeni angalau mada moja yenye jina la kijiji chenu. Na nanyi mnaosahihisha mitihani, mkikutana na mtoto aliyeandika mabibo, salfa na makato ya chama cha msingi, msimkate alama kwa kuwa hakuanza na methali.