Catherine wa Pili: Mlezi wa Lugha au Mfunga Vinywa?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huwafaa sana wanaomsifu Catherine wa Pili, malkia aliyeitawala Urusi tangu mwaka 1762 hadi alipofariki mwaka 1796. Alizaliwa mwaka 1729 mjini Stettin, katika ufalme wa Prussia, akalelewa kwa Kijerumani na Kifaransa. Alipofika Urusi mwaka 1744 alijifunza Kirusi kwa bidii, na hatimaye akakitumia hata kutungia tamthilia. Je, mwenyeji alipona?

Ni kweli kwamba mwaka 1783 ulikuwa wa neema kwa Kirusi. Catherine aliwaruhusu watu binafsi kumiliki matbaa, kisha akaunda Akademia ya Urusi na kumteua mwanamke, Yekaterina Dashkova, kuiongoza. Kati ya 1789 na 1794, Akademia hiyo ilitoa kamusi ya juzuu sita yenye maneno zaidi ya 43,000. Watawala wengi waliozaliwa ndani ya lugha zao hawajazitendea wema kama huo.

Hata hivyo, kamusi huhifadhi maneno. Haimpi msemaji uhuru. Mwaka 1790, juzuu hizo zikiwa bado zinachapishwa, Aleksandr Radishchev alitoa kitabu kilichofichua mateso ya wakulima waliomilikiwa na makabaila. Alihukumiwa kifo, adhabu iliyobadilishwa kuwa uhamisho wa miaka 10 huko Siberia. Mwaka 1792 mchapishaji Nikolai Novikov alikamatwa na kufungwa bila kesi. Mwaka 1796, wiki chache kabla ya kufariki, Catherine aliamuru matbaa za watu binafsi zifungwe.

Wapo watakaomtetea kwamba alitishwa na Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789. Hoja hiyo haina mashiko. Miaka 22 kabla ya mapinduzi hayo, mwaka 1767, wakulima walikuwa wamekwisha kupigwa marufuku kumpelekea malkia mashtaka dhidi ya mabwana wao. Neno la kulalamika lilikuwa halali kinywani mwa kabaila. Kinywani mwa mkulima lilikuwa jinai.

Kwa hivyo, mwanafunzi wa lugha asimpime mtawala kwa idadi ya juzuu alizodhamini pekee. Ampime pia kwa yaliyowapata wale waliothubutu kuitumia lugha hiyo kumkosoa. Kwa kipimo hicho, Kirusi kilipata kamusi, lakini wengi wa wasemaji wake hawakupona.