Munganga anajibu: Ngozi haikuwaka

Mwezi huu tunajibu mama mumoja tu, juu barua yake inaumiza moyo.

Anaandika: "Mutoto wangu wa miaka 22 anasikia sauti, anazungumuza peke yake. Munganga alisema ni skizofrenia. Mujomba wake alisoma kama kuko vitamini inayojulisha ule ugonjwa. Walimupa, mwili haukuwaka. Wakamupa na dada yake, naye akawaka kidogo tu. Sasa wakwe wanataka warudishiwe mali ya ndoa."

Mama, mujomba hakusema uongo, lakini alisoma nusu. Vitamini ile ni niasini, ndiyo B3. Ukimeza nyingi, ao wakikupaka kwenye mukono, ngozi inakuwa nyekundu na moto kwa dakika chache. Sababu ni mafuta. Ndani ya ngozi kuko asidi ya mafuta inayoitwa arakidoniki. Niasini inaiamusha, inageuka prostaglandini, na hii inapanua mishipa midogo ya damu. Kwa wagonjwa wengine wa skizofrenia jambo hili linafanyika kidogo sana. Mwaka 1977 David Horrobin aliandika kama pengine ugonjwa wenyewe unatokana na upungufu wa prostaglandini.

Lakini angalia vizuri. Wagonjwa wengi wanawaka sawa wewe na mimi, na wazima wengine hawawaki. Mutu aliyemeza aspirini asubuhi atawaka kidogo tu. Je, mulimuuliza binti kama alimeza kitu? Tena kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri kwa macho. Wachunguzi wanapima mwendo wa damu kwa mashine. Mujomba alikuwa na mashine gani?

Ni kweli, ndugu za mugonjwa, hata wazima, mara nyingi wanawaka kidogo kuliko watu wengine. Kuko kitu kinachopita katika damu ya jamaa. Lakini kuwaka kidogo si kugonjwa. Kati ya ndugu 100 wa mugonjwa, karibu 90 hawapati ugonjwa ule hata siku moja. Hata mapasa wanaofanana kabisa: mumoja akigonjwa, mwenzake anagonjwa karibu mara moja kwa mbili, ao chini ya hapo.

Wengine watakuambia umupe kijana mafuta ya samaki. Mwaka 2010, kule Vienna, uchunguzi mumoja ulileta tumaini kwa vijana walioanza kuonyesha dalili. Uchunguzi mukubwa zaidi wa 2017 haukuona faida ile. Samaki mukule, ni chakula kizuri. Dawa ya lupitali asiiache.

Ile chupa ya niasini muiondoe nyumbani, juu ikimezwa nyingi inaharibu ini. Na wakwe, mama, uwasomee ukurasa huu. Wakiwa na swali waende pamoja na binti kwa munganga anayemutunza kaka yake, si kwa mujomba.