Muziki wa Sinema Nao ni Ushahidi

Wako wasemao kwamba muziki wa sinema ni pambo tu, na anayetaka ukweli na atazame picha. Hatuingii hapa katika khitilafu za wanazuoni juu ya ala za muziki. Tunasema hivi: picha humwonyesha mtu, lakini muziki ndio unaotuamuru tumcheke, tumwogope au tumhurumie.

Chukueni sinema ya "Hatari!" ya mwaka 1962, iliyopigwa Tanganyika. Mtunzi wa muziki wake, Mmarekani Henry Mancini, aliwawekea watoto wa ndovu sauti nyepesi ya klarineti, na watazamaji wakacheka. Lau angaliwawekea mshindo mzito, ndovu wale wale wangalitisha.

Sasa tutazame Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe, ambako wapiga picha hawaishi kwenda. Mara nyingi Mhadzabe akionekana na upinde wake, mtunzi aliye mbali humtilia ngoma za kishindo zisizo zake. Kumbe watu hawa wana muziki wao. Wana zeze, na epeme yao huchezwa usiku usio na mbalamwezi, kwa njuga, manyanga na sauti za wanawake. Mtazamaji wa Tanga au Lamu hudhani amemsikia Mhadzabe, naye amesikia dhana ya mtunzi tu.

Mtu wa pwani asiseme, "Yatuhusu nini?" Ni sinema ngapi ambamo adhana husikika pale tu mripuko unapokaribia? Wito wa sala umefanywa kengele ya hatari! Hila ni ile ile. Anayeinyamazia ikitendwa kwa Mhadzabe, ataikataa kwa uso gani ikimfika yeye?

Watajibu kwamba mtunzi ana haki ya kubuni. Anayo, katika hadithi ya kubuni. Lakini asemaye, "Haya ndiyo maisha ya watu fulani," ametoa ushahidi. Basi na atumie sauti za wenyewe, kwa idhini yao, na kwa malipo ya haki. Wala isidaiwe kwamba dunia haisikilizi lugha zetu: "Baba Yetu", wimbo wa Kiswahili alioutunga Mmarekani Christopher Tin kwa mchezo wa kompyuta Civilization IV wa mwaka 2005, ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011.

Nasi wazazi tuna wajibu. Tuzime sauti kidogo, tumwulize mtoto, "Umeona nini?" Kisha tuirudishe, tumwulize, "Na sasa umeambiwa uone nini?" Ajuaye kuyatenga hayo mawili hadanganyiki upesi.