Wabunifu wa Nairobi, nendeni sokoni

iHub ilipofunguliwa Ngong Road mwaka 2010, vijana wa kompyuta jijini Nairobi walipata mahali pa kujuana na kutafuta mitaji. Mwaka huo huo ilizaliwa M-Farm, iliyompa mkulima bei za soko kwa ujumbe mfupi wa simu. Hatua nzuri, lakini mkulima asiye na lori wala ghala afanye nini na bei? Nyanya zikiiva, atamuuzia dalali aliyefika shambani. Wabunifu wetu wanakutana wao kwa wao na wawekezaji, tena hotelini. Dalali, mwenye lori na mama mboga hawaalikwi. Anayeanzisha kampuni ya kilimo awatafute hao kwanza, alfajiri, soko la Wakulima, kabla ya kuandika programu yoyote.