Maua ya dembo: piga foto, usichimbe

Kikanda unaijua. Ni ile ya bamama wa soko, ya kahawia, inakatwa vipande, iko na kalanga na pilipili ndani. Lakini wengi kati yetu hatujui kama inatoka mu maua. Kikanda inapikwa na viazi vidogo vya orkide, maua ya pori yanayoota mu dembo zetu za Katanga.

Wewe kijana, mvua ikishazoea, kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, enda uyatafute. Utayajua namna gani? Hesabu. Ua la orkide liko na vipande vitatu inje na vitatu ndani, na kimoja cha ndani hakifanani na vingine: kinaitwa mdomo. Kisha angalia nyuma ya ua. Habenaria iko na mkia mmoja, Satyrium iko na miwili. Inua macho vilevile, juu kuko orkide za miti. Ansellia ni ya njano, na madoa sawa ngozi ya chui.

Kwa kupiga foto, telefoni inatosha. Enda asubuhi, jua lisiwe kali. Pangusa kioo cha telefoni. Piga magoti, foto ilingane na ua, usipige toka juu. Ngoja upepo utulie. Piga nne: ua karibu, ua upande, majani, na mmea muzima pamoja na mahali pake. Weka kidole pembeni ili ukubwa uonekane. Usivunje majani ya jirani, na angalia unakokanyaga: kuko machipukizi. Jioni andika mu kaye tarehe, mahali, na jina ambalo wazee wanaliita.

Sasa, juu ya nini tusichimbe? Orkide hizi za kikanda ziko na viazi viwili chini. Kimoja ni cha zamani, kimelainika, kimeshalisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, ni cha mwaka kesho. Hicho kigumu ndicho soko inataka. Ukikitoa, mmea umekufa. Mbegu zake ni sawa vumbi, hazina chakula ndani, haziwezi kuota bila kukutana na uyoga mdogo wa udongo. Kwa hiyo hazirudi mbio.

Kule Zambia kikanda inaliwa sana. Orkide zilipopunguka, wachuuzi walianza kuleta viazi toka kusini mwa Tanzania. Mu 2005 Tanzania ilifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, hasa juu ya maua yake.

Baba na mama, tunajua: kilo moja ya viazi inaweza kusaidia minerval ya mutoto, na hatuwezi kumlaumu mama anayetafuta chakula cha nyumba. Lakini dembo ikimalizika, mwaka kesho atachimba nini? Hata anayechimba, aache mimea mingi mpaka mbegu zianguke, na asirudie dembo ile ile kila mwaka.

Nawe kijana, foto yako onyesha watu wote, shuleni na nyumbani. Ila njia ya dembo, usimwonyeshe kila mtu.