Baiskeli ya mhamiaji hukwama Kitengela

Anayefunga safari kutoka Busia, Mumias au Kisumu kuja kusaka riziki Nairobi siku hizi aghalabu hatui Nairobi. Hutua Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, ambako kodi ya nyumba humwachia mtu senti mbili tatu za kununulia unga. Takwimu za sensa zinalithibitisha jambo hilo. Mwaka 2009 mji huo ulikuwa na wakazi 58,167. Kufikia 2019 walikuwa 154,436. Kijiji cha zamani cha Noonkopir, kilichokuwa soko dogo la wafugaji, kimemezwa na majumba ya kukodisha.

Miongoni mwa wahamiaji hao wamo waliozoea baiskeli tangu utotoni. Magharibi mwa Kenya baiskeli si mchezo. Hubeba mahindi, mgonjwa na hata bibi harusi, na ni katika mpaka wa Busia ambako jina boda boda lilizaliwa, pikipiki zikiwa bado hazijateka biashara hiyo. Mtu wa aina hiyo akifika Kitengela hukutana na mambo mawili yanayokinzana.

La kwanza humfurahisha. Kutoka mjini humo barabara ya Namanga huelekea kusini hadi Isinya, kisha Kajiado, mwendo wa takriban kilomita 50. Barabara hiyo, ambayo ukarabati wake kutoka Athi River hadi Arusha ulikamilishwa 2012, hukata mbuga iliyo wazi, na Jumamosi alfajiri si ajabu kuwaona waendeshaji waliovalia helmeti wakiikabili kwa safu. Upepo wa nyanda hizo ni adui wa kweli wakati wa kurudi, na atakayeacha lami kufuata njia za ng'ombe sharti abebe viraka, kwani miiba ya migunga haichagui mpira wa bei ghali wala wa bei rahisi.

La pili humkata maini. Jumatatu inapowadia, baiskeli ileile iliyomfikisha Kajiado haiwezi kumfikisha kazini. Kutoka Kitengela hadi katikati ya jiji ni takriban kilomita 30. Kwa mwendeshaji mwenye mazoezi hiyo ni safari ya saa moja na nusu hivi, muda ambao abiria wa matatu huweza kuupoteza katika msongamano wa Mlolongo na Cabanas. Mwili unaweza, na umbali si hoja. Kinachomzuia ni barabara yenyewe.

Katika Barabara ya Mombasa mwendesha baiskeli hujipenyeza baina ya malori ya saruji na matatu zinazohama ghafla kushoto kuchukua abiria. Barabara ya kulipia ya Mlolongo hadi Westlands, yenye urefu wa kilomita 27 na iliyofunguliwa kwa umma Mei 2022, haimruhusu kuikanyaga. Mwenye gari alipewa njia mpya hewani. Mwenye baiskeli aliachiwa mabaki ya ile ya chini. Ifahamike kwamba watu 4,324 walifariki katika ajali za barabarani nchini mwaka 2023, na anayesafiri bila bodi ya chuma kumkinga ndiye huumia kwanza.

Wapo wanaodai kwamba Mkenya wa mjini hapendi baiskeli, na kwa hivyo kumjengea njia ni kutupa fedha. Dai hilo halina mashiko. Aliyekuwa akiendesha kila siku Mumias hakubadilika moyo alipovuka mto Athi. Aliyapima maisha yake dhidi ya lori, akaitundika baiskeli ukutani. Serikali nayo ilichangia. Mwaka 2008 pikipiki ndogo ziliondolewa ushuru wa VAT, zikafurika, na baiskeli ya abiria ikasukumwa pembeni hata kule ilikozaliwa. Kuhusu sifa, taifa halina uhaba: Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alinolewa na David Kinjah huko Kikuyu. Lakini sifa za Paris hazimwekei mfanyakazi ukingo salama wa lami pale Athi River.

Kiini cha tatizo ni mipaka. Msafiri wa Kitengela huanzia Kaunti ya Kajiado, hupitia Machakos katika Athi River, Mlolongo na Syokimau, kisha huingia Nairobi, ilhali barabara kuu anayoipita i mikononi mwa mamlaka ya kitaifa, KeNHA. Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera iliyotaka asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara itengewe wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Baadaye njia za baiskeli zilichorwa katikati ya jiji, ikiwemo Kenyatta Avenue, na nyingine zikageuzwa papo hapo kuwa maegesho ya boda boda na meza za wachuuzi. Hata kama sera hiyo ingetekelezwa kikamilifu, ingekomea mpakani mwa kaunti. Inamfaidi nini anayelala Kitengela?

Mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya uchukuzi ya eneo la jiji, NaMATA, ijumuishe Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, hasa kwa sababu ya mkanganyiko wa namna hii. Katika mipango ya mabasi ya kasi, laini iliyopewa jina Ndovu ilichorwa kufika Kitengela. Ramani ilipendeza. Wakazi wangali wanapanda matatu, na petroli ilipopita Sh211 kwa lita jijini Septemba 2023, muda mfupi baada ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, waliokuwa na baiskeli ukutani hawakuwa na pa kuipitisha.

Haihitajiki kungoja kilomita zote 30. Kila alfajiri vibarua wa viwanda vya nguo katika eneo la EPZ, Athi River, hutembea kwa makundi kutoka vyumba vyao vya Kitengela, wengine wakihofia wezi gizani. Ni mwendo wa kilomita chache kwenye ardhi tambarare, safari ambayo baiskeli ingeikata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Njia iliyotengwa kwa ukingo wa zege na kuwekewa taa ingewahudumia wao pamoja na wale wa helmeti wa Jumamosi. Mwanzo wa kipande hicho ni wa Kajiado, mwisho ni wa Machakos, lami ni ya KeNHA, na pande hizo zote zimo katika eneo ambalo NaMATA iliundwa kuliratibu.